Logilaini ya Binti na Mpagazi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja kutoka Moshi

Mwandishi kijana wa Moshi ana wazo la filamu ya mapenzi na anataka kulituma kwa mtayarishaji wa Arusha. Mtayarishaji ameomba kitu kimoja tu kwa kuanzia: logilaini. Hiyo ni sentensi moja, au mbili zikizidi sana, inayoeleza filamu inamhusu nani, anataka nini, nini kinamzuia na atapoteza nini akikosea. Kabla ya kutuma, kijana anampelekea dada mmoja wa Arusha ambaye kazi yake ni kusoma na kurekebisha skripti. Kisa hiki ni cha mfano, kimejengwa ili kila hatua ionekane. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yaleyale yanayojirudia kila rundo la mawazo ya mapenzi linapofika mezani.

Logilaini ya kwanza ilisomeka hivi:

"Neema ni msichana mrembo kutoka familia tajiri ya Moshi anayekutana na Elia, kijana maskini lakini mchapakazi anayebeba mizigo ya watalii mlimani, wanapendana sana lakini wazazi wanapinga, wanapitia magumu mengi hadi mapenzi ya kweli yanashinda."

Ni maneno 34. Urefu hauna shida, maana kati ya maneno 25 na 35 ndipo logilaini nyingi hukaa vizuri. Sarufi nayo haina shida kubwa. Mwandishi alikwisha kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wasanii wenzake, na majibu yakaja haraka: "Kali sana, kaka." "Hii itoke hata kesho." "Muongezee mama wa kambo." Kwa kazi iliyo mbele yake majibu hayo hayana msaada. Mawili ya kwanza ni upendo wa marafiki. La tatu ni la mtu aliyeshaanza kutunga filamu yake mwenyewe kichwani, na hilo ni hatari kuliko sifa za bure, kwa sababu linafanana na ushauri.

Dada wa Arusha alisoma tofauti. Aliisoma mara moja tu, kwa kasi ambayo mtayarishaji mwenye barua pepe hamsini angeisoma, akaifunika, akafanya shughuli nyingine kwa robo saa. Kisha akaandika anachokikumbuka: tajiri, maskini, wazazi, wanashinda. Maneno manne, na yote manne yanaingia kwenye filamu yoyote ya mapenzi iliyowahi kutengenezwa popote. Alichokisahau ni mlima. Kitu pekee ambacho ni mali ya mwandishi huyu, kitu ambacho mtu wa Mwanza au wa Lindi asingekiandika, kilikuwa kimefukiwa kwenye neno la 21.

Jaribio hili la kufunika na kukumbuka ndilo tunalolishauri kabla ya jingine lolote. Linampa mwandishi ushahidi badala ya maoni. Ukimwambia mtu "haivutii", atabisha. Ukimwonyesha kilichobaki kichwani mwa msomaji baada ya robo saa, ataanza kutafuta sababu mwenyewe.

Usomaji wa pili ulikuwa wa kuweka alama. Pembeni ya kila kipande aliandika moja kati ya kauli nne: sielewi, siamini, sijali, sipendi. Tatu za kwanza ni kazi ya mwandishi kuzirekebisha. Ya nne ni ladha ya msomaji, na msomaji mwadilifu anaiandika ili aitambue na asiipenyeze kwa jina la ufundi. Dada huyu, kwa mfano, hapendi hadithi za tajiri na maskini. Aliandika "sipendi" hapo, akaiacha kwake. Kwenye ujumbe aliomtumia kijana haikuwemo.

Alama zilianguka hivi. "Mrembo", "maskini lakini mchapakazi" na "sana" zilipata "sijali". Sifa hizi hazitendi chochote. Kila msichana wa filamu ya mapenzi ni mrembo mpaka tuambiwe vinginevyo, na uchapakazi wa mtu utaonekana akitenda. Majina mawili nayo yakapata alama hiyohiyo: Neema na Elia ni majina mazuri, lakini msomaji asiyewajua hapati picha. Kazi ya mtu, hadhi yake au hali aliyomo inamchora haraka kuliko jina, ndiyo maana logilaini huandikwa "mjane", "mhasibu", "dereva wa Noah" na majina yakaachiwa muhtasari.

"Wanapitia magumu mengi" ilipata "sielewi", na hapa ndipo penye uzito. Filamu ya dakika 90 ina kati yake, kama dakika 45 za katikati, na logilaini hii imezikunja zote ndani ya maneno matatu. Magumu gani? Nani anayaleta? Mwandishi akiyajua atayataja, kwa hiyo msomaji mzoefu akiona "magumu mengi", "misukosuko" au "safari ndefu ya mapenzi" anahisi kwamba bado hayajulikani.

"Mapenzi ya kweli yanashinda" watu wengi huikosoa kwa sababu inafichua mwisho. Si kosa lake kubwa. Mtazamaji wa filamu ya mapenzi anajua wataungana. Anakuja kuona wanalipa nini. Kosa la kipande hiki ni kwamba kimekalia nafasi ambayo gharama hiyo ingetajwa.

Kisha "wazazi wanapinga". Hili dada alilipigia mstari mara mbili, kwa sababu filamu nzima ilikuwa inaning'inia hapo. Alilipima kwa swali moja: wazazi wakiamka kesho asubuhi wakakubali, filamu inaisha? Jibu likiwa ndiyo, kizuizi kiko nje ya wapendanao. Wao wawili hawana la kufanya ila kulia, kusubiri au kutoroka, na mtazamaji anakaa kuwatazama wazee wakiamua hatima ya filamu. Kizuizi kinachobeba hadithi ya mapenzi kiko mkononi mwa wapendanao wenyewe: mmoja wao ameshika kitu, amefanya jambo, ameahidi, amedanganya, au anataka kitu ambacho akikipata anampoteza mwenzake. Hili ndilo tunalotaka msomaji wa logilaini za mapenzi aliulize kabla ya maswali mengine yote, hata kabla ya lugha.

Si kwamba wazazi hawafai. Uchaggani, kwa desturi, kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Mpe kijana wa namna hiyo mchumba ambaye kazi yake iko Mtwara na hawezi kuiacha, na mama mzee aliyebaki peke yake Kibosho. Wazazi hawajakataa neno, mahari inaweza kuwa imeshapokelewa, na bado wawili hao wana tatizo la kuwatosha saa moja na nusu, kwa sababu uchaguzi ni wao. "Wazazi wanapinga" bila sababu na bila gharama ni mlango uliofungwa tu.

Ujumbe alioutuma ulikuwa mfupi. Tunaunukuu wote kwa sababu mpangilio wake unastahili kuangaliwa:

"Mdogo wangu, nimeisoma. Kitu nilichotaka kukijua zaidi ni mlima na huyo anayebeba mizigo, kwa sababu hapo naona mtu ambaye sijakutana naye kwenye filamu zetu. Baada ya robo saa nilikumbuka tajiri, maskini, wazazi na ushindi. Mlima ulikuwa umenitoka. Sijaelewa magumu yenyewe ni yapi. Wazazi wakikubali kesho, hawa wawili bado wana tatizo? Usiandike upya bado. Nipigie jioni nikuulize maswali, unijibu bila kufikiria sentensi."

Ameanza na kilichomvuta, na amekitaja kwa jina badala ya kusema "nzuri". Amefuata na ushahidi, halafu swali moja tu zito. Hakutoa orodha ya makosa saba, ingawa alikuwa nayo. Mwandishi anayepewa makosa saba kwa pamoja hurekebisha yale mepesi, majina, sifa na alama za kituo, akaliacha lile lililobeba nyumba. Pia hakupendekeza sentensi mbadala. Vijana wetu wamelelewa kuheshimu mkubwa, na sentensi ya dada mwenye jina itapokelewa kama amri. Kesho mwandishi atakuwa anaitetea filamu asiyoijua.

Simu ya jioni ilichukua kama dakika arobaini. Maswali yalikuwa ya ukweli, hayakugusa sanaa.

"Utajiri wa hiyo familia umetoka wapi?"

"Baba ana kampuni ya kupandisha wageni mlimani, dada."

"Binti anafanya kazi gani?"

"Yuko ofisini. Anapanga safari, anaandika malipo ya wagumu, yaani wapagazi. Mzee anataka kumwachia kampuni."

"Na kijana analalamikia nini akiwa kazini? Kila mtu ana anacholalamikia."

"Mzani. Mzigo unatakiwa usizidi kilo 20, unapimwa langoni. Ila wakishapita, kuna vitu vinaongezwa juu. Na hela inachelewa. Yeye ndiye anawasemea wenzake."

"Anamsemea nani hayo? Anaidai kampuni gani?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Ya baba yake Neema."

Hilo halikuwamo kabisa kwenye logilaini. Mwandishi alikuwa nalo tangu mwanzo, ila aliliona kama mandhari, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwamba filamu ya mapenzi lazima ianze na utajiri na umaskini. Kazi ya maswali ni kuchimba vitu vya namna hii. Ukiuliza "mada yako ni nini?" utajibiwa "mapenzi hayachagui". Ukiuliza hela inatoka wapi, nani anaandika daftari, nani analala hema gani, hadithi inajitokeza yenyewe.

Siku mbili baadaye likaja toleo la pili:

"Msimamizi wa kampuni ya baba yake ya kupandisha wageni Kilimanjaro anampenda mpagazi anayewaongoza wenzake kudai malipo waliyopunjwa, na ushahidi wanaoutafuta umo kwenye daftari lake mwenyewe."

Maneno 25, na limeruka mbali. Kizuizi sasa kiko mkononi mwa binti, kwa maana halisi ya neno. Lakini lilikuwa na kasoro mbili, na ya kwanza ni ya lugha yetu. Dada aliwasomea watu watatu kwa sauti, akawauliza daftari ni la nani. Wawili walisema la mpagazi. Kiswahili hakimbagui mwanamke na mwanamume kwenye kitenzi wala kwenye "-ake". Katika hadithi ya watu wawili wanaopendana wote ni "a-", wote ni "lake". Hapa hata jinsia ya msimamizi haijulikani. Dawa ni kumpa kila mmoja nomino yake inayomtambulisha, binti, kijana, mpagazi, bosi, na kuirudia bila aibu. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu. Katika logilaini ya mapenzi kurudia "kijana" mara mbili kunaokoa maana.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi na haionekani kirahisi, kwa sababu sentensi inavutia. Ondoa maneno "anampenda mpagazi", weka "anamgundua mpagazi". Filamu bado inasimama: ni hadithi ya dhuluma kazini, binti ana ushahidi, atautoa au hatautoa. Mapenzi yamekuwa kitoweo. Hilo si baya kwa filamu, ni baya kwa filamu ambayo mtayarishaji ameiomba iwe ya mapenzi. Tunaita hili jaribio la kuondoa: ukitoa mapenzi na hadithi ikabaki, basi mapenzi hayakuwa injini.

Wasomaji wengine wangekimbilia suluhisho za haraka hapa. Mchumba wa Dar anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA na suti. Ugonjwa wa mwinuko unaompata binti, kijana akambeba, baba akalainika. Mchumba anaongeza kizuizi kingine cha nje, na ugonjwa unamaliza tatizo bila mtu yeyote kuamua chochote. Dada alirudisha kasoro zote mbili kama zilivyo, akaongeza swali: "Hawa wawili wanakaa pamoja wapi, kwa muda gani, na nani hajui nini?"

Swali hilo lina mantiki ya kiufundi. Mapenzi ya filamu yanahitaji kitu kinachowalazimisha wawili kuwa karibu huku kingine kikiwatenganisha, na vyote viwili vifanye kazi kwa wakati mmoja. Ofisini Moshi mjini na kwenye njia ya Machame ni mahali pawili. Watu hawa walikuwa wanaonana kwa bahati. Mlima, kwa upande wake, ni chombo kilicho tayari. Safari ya njia ya Machame, kupanda na kushuka, huchukua siku sita au saba, kundi ni lilelile, kambi ni zilezile, simu inakamata kwa kubahatisha, na hakuna anayeondoka kimyakimya.

Toleo la tatu:

"Binti wa mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro anajichanganya na wapagazi kwa siku saba ili ambaini anayechochea mgomo, anapendana na huyohuyo anayemsaka, na kabla hawajashuka lazima amtaje kijana kwa baba au ajitaje kwa kijana."

Maneno 34, sawasawa na la kwanza. Hesabu kilichoingia: mhusika, mahali, muda, lengo, siri, mapenzi, uchaguzi na gharama ya kila upande. Akimtaja, kijana anafukuzwa na huenda asipate kundi jingine. Akijitaja, anampoteza kijana aliyemwamini, na pengine kampuni pia. Jaribio la kuondoa limepita, maana bila mapenzi angemtaja siku ya pili na filamu ingeishia kambi ya Shira. Jaribio la wazazi nalo limepita: hata baba akisamehe kila kitu, uongo wa siku saba bado uko kati yao. Kila siku ya ukaribu inaufanya uongo kuwa mkubwa, na hiyo ndiyo mitambo ambayo mwandishi anaihitaji kwa zile dakika 45 za katikati. Na "amtaje" dhidi ya "ajitaje" inabaki sikioni. Msomaji akisahau yote atakumbuka hiyo.

Alama za "siamini" ndizo zilizobaki, na ni haki kuziweka sasa, baada ya muundo kusimama. Nne zinafaa kutajwa.

Moshi ni mji mdogo. Binti wa bosi, tena anayeandika malipo, atajulikana kabla hajafika lango la Machame. Mwandishi alilazimika kumtoa ofisini: amesoma na kufanya kazi mbali, amerudi juzi, wagumu hawamjui sura. Kundi lenyewe limekusanywa kwa safari hiyo moja. Hata hivyo kiongozi wa safari hawezi kukosa kujua, kwa hiyo kuna mtu wa tatu mwenye siri, na huyo ni zawadi kwa skripti.

Mzigo nao ulileta shaka. Wapo wanawake wapagazi mlimani, lakini mtu asiyezoea kilo 20 kichwani ataumbuka siku ya kwanza. Suluhisho lilikuwa palepale kwenye kundi: weita, anayeandaa meza ya wageni na kuwapelekea chakula. Anaishi na wapagazi, na kazi yake inamfanya aingie hema la wageni na hema la jikoni, kwa hiyo anasikia mazungumzo ya pande zote.

Kilele ndicho kilichomuuma mwandishi. Tangu mwanzo alikuwa na picha ya wawili hao kwenye bango la Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Lakini wageni wanapoondoka usiku wa manane kwenda kileleni huongozana na viongozi na wasaidizi wachache. Wapagazi walio wengi hubaki kambi ya Barafu, juu kidogo ya mita 4,600, wakilinda mahema na kupika uji. Mtu yeyote wa Moshi mwenye ndugu anayepanda mlima angeiona kasoro hiyo. Ushauri ulikuwa kuhamishia usiku wa uamuzi Barafu: viongozi hawapo, wageni hawapo, wamebaki wao na baridi. Ni bora kihadithi, na ni nafuu zaidi kuliko kupandisha kamera kileleni. Kupiga picha ndani ya hifadhi kunahitaji kibali na ada zake, juu ya kibali cha Bodi ya Filamu, na mtayarishaji akiona sini (vipande vya tukio) ishirini za mlimani ataanza kuhesabu fedha kabla ya kuhesabu machozi. Sini nyingi za hemani zinaweza kupigwa ndani ya turubai popote penye giza.

La nne ni baba. Katika toleo hili ni rahisi awe shetani, na shetani atairudisha filamu kwenye "wazazi wanapinga". Mwandishi alipewa swali la kwenda nalo: ni bei gani ya safari aliyokubali kwa wakala wa nje mpaka hesabu ya wapagazi ikawa haitoshi? Jibu si la logilaini, ni la muhtasari.

Suala la kuibiwa wazo lilijitokeza kwenye simu ya mwisho, kama linavyojitokeza kila mara. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyoandikwa, hailindi wazo tupu, na logilaini iko karibu sana na wazo tupu. Njia ya vitendo ni kuwa na muhtasari wa kurasa kadhaa ulioandikwa kabla ya kutuma, kutuma kwa barua pepe yenye tarehe badala ya kusimulia kwa mdomo, na kusajili skripti kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ikikamilika. Kuificha logilaini hakusaidii, kwa kuwa imetengenezwa ili isomwe.

Kabla ya kutuma limebaki jambo moja ambalo msomaji hawezi kumwamulia mwandishi: hii ni filamu ya kucheka au ya kuumia? "Anajichanganya na wapagazi" inaelekea kwenye kichekesho cha binti wa mjini anayemwaga supu ya wageni. "Mgomo" na "amtaje" vinaelekea kwenye maumivu. Filamu inaweza kubeba yote mawili, ila mtayarishaji lazima ajue ni mkono upi unaongoza, na sentensi kwa sasa haisemi. Dada hakumwomba aibadilishe. Alimwomba aandike kurasa tatu za usiku wa Barafu, wawili hao peke yao katika hema la jikoni, na azitume kabla ya kugusa logilaini tena, ili neno litakaloonyesha mkono huo litoke ndani ya kurasa hizo.